Jina linatajwa kuwa kadhi wetu mpya, ntajuaje kama anafaa?

BintiShumba:
Asalaam alaykum wana jukwaa. Nna suala langu na naomba mnijibu kistaarabu mana humu nawajua, mtu akiuliza bei ya vitunguu mnamletea siasa.

Huku kwetu Pemba tunasikia kadhi wetu anaondoka, wengine wanasema anastaafu wengine anahamishwa, na tangu maneno hayo yaanze kuna jina moja tu linatembea, kwenye mabaraza, misibani, hadi fundi wangu wa nguo ananambia "mmempata kadhi kijana safari hii". Sitolitaja hapa kwa sababu hajateuliwa na wala hajamkosea mtu. Ni ustadh, ana darsa baada ya magharibi, watu wanajaa mpaka nje na anajua kuzungumza khasa, akitaja mauti hata wanaume wanatoa vitambaa. Sasa watu washampitisha. Ukiuliza kasoma wapi mmoja anakwambia Sudan, mwengine Madina, mwengine anasema huyo hakuvuka hata maji ya Unguja, kasomea hapa hapa kwa masheikh. Ukiuliza keshawahi kukaa mahkamani hata siku moja wanakushangaa, kama umemtukana.

Mie nauliza kwa sababu nna madai ya matunzo ya watoto bado hayajesha, na huyo ustadh na mtalaka wangu baraza lao moja, gahawa wanakunywa pamoja kila siku. Sisemi kama atanidhulumu, hapana, mie namuheshimu na mwanangu kasoma kwake. Lakini nataka kujua kadhi anatakiwa awe na sifa gani, na mtu wa kawaida kama mie ntazijuaje hizo sifa za mtu kabla hajakaa kwenye kiti, na akishakaa kama anajuana na upande wa pili nafanyaje. Basi hayo tu.

Baba Naila:
Waalaykum salaam dada. Kwanza kadhi hagombei, haya mambo ya kupitishwa barazani ni maneno ya gahawa tu. Pili nakuomba na wenzako huko mumtofautishe kadhi na mufti mana nshaona watu wanachanganya, mufti yuko Mazizini anatoa fatwa na mambo ya kuandama kwa mwezi, hakati kesi ya mtu. Kadhi ni mahkama, anaandika hukumu na inatekelezwa. Kwa hiyo mtu anaweza akawa bahari ya elimu, akafaa kuulizwa masuala na kila mtu, na ukadhi ukamshinda. Narudi baadae niko dukani

wakili_wa_michenzani:
Dada BintiShumba suala lako zuri na ntalijibu kidogo kidogo mana natumia simu.

Mahkama za Kadhi hapa kwetu ziko kwa sheria, sio hisani ya mtu. Ilikuwepo sheria nambari 3 ya 1985, ikaja kufutwa na sheria nambari 9 ya 2017 ndo inayotumika. Ndani yake utakuta kadhi anasikiliza nini: ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto, mirathi ya Waislamu, wasia, wakfu. Jinai si zake, ugomvi wa shamba la kununua si wake. Kadhi wa wilaya akihukumu na hukuridhika unakata rufaa juu kwa Kadhi Mkuu, na bado hukuridhika unakwenda Mahkama Kuu ambako jaji anakaa pamoja na maulamaa, na hapo ndo mwisho, mambo ya Kiislamu yaloanzia kwa kadhi hayendi Mahkama ya Rufaa ya Tanzania. Hili watu wengi hawalijui, wanasema "ntakwenda mpaka Dar", huendi Dar.

Sasa hapo utaona kwa nini suala la nani anakaa kwenye kile kiti ni kubwa. Kesi ya wizi ina ngazi moja zaidi ya kwenda kulalamika, kesi ya ndoa yako haina.

Kuhusu masomo, njia za makadhi wetu ni kama tatu nne hivi zinajulikana. Kuna walopita Chuo cha Kiislamu Mazizini halafu wakenda nje, Madina, Azhar, Khartoum. Kuna walosoma hapa hapa Zanzibar University Tunguu ambako kuna kitivo cha sheria na sharia pamoja, hawa wana faida moja, wanajua fikihi na wanajua pia hati ya madai inaandikwaje na ushahidi unapokewaje. Na kuna wa zamani walosoma kwa masheikh misikitini, baadhi yao hao ukiwaona kwenye mirathi utashangaa, anagawa mafungu kichwani wakati wewe bado unatafuta kalamu. Kwa hiyo huyo wenu kasoma Sudan au hakusoma Sudan, hilo peke yake halikwambii kitu.

mwanachuo_wa_Rahaleo:
Mimi naona humu kuna dharau kwa maustadh. Kwani Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa nani? Alikuwa mwalimu wa skuli miaka na miaka, akawa kadhi hapa Zanzibar mwaka 1960, na alipohama Kenya wakampa ukadhi mkuu mwaka 1968. Hakuna alouliza cheti cha uanasheria. Na kabla yake Sheikh Ahmed bin Sumeyt, yule mzaliwa wa Ngazija huko Komoro alofariki 1925, ujanani alikuwa anaendesha chombo cha baba yake, nahodha! akaja kuwa kadhi ambae mpaka leo wanazuoni wanamtaja. Elimu ni elimu. Sio kila kitu digirii jamani

Baba Naila:
@mwanachuo_wa_Rahaleo hao ulowataja wote wawili walikuwa wameshakubaliwa na maulamaa wenzao kabla serikali haijawagusa, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kusoma kwao. Huyo wa dada amekubaliwa na nani? Na watu wanaolia kwenye darsa. Si sawasawa.

karani_mstaafu:
Nimesoma yote mpaka hapa nikasema na mie nitie neno, nimefanya kazi ya ukarani mahkamani maisha yangu yote, baadhi ya miaka kwa mahakimu na mingine kwa makadhi, sitosema wapi.

Mwanangu BintiShumba usijisumbue sana na kasoma wapi. Mie nimewaona walotoka nje na vyeti vimejaa muhuri na jalada lake ukilifungua hujui nani kadai nini. Na nimemuona mzee mmoja, Mungu amrehemu, Kiarabu anacho lakini Kiengereza hana hata neno, majalada yake ungeyapeleka popote yanasimama.

Ntakueleza alivyokuwa anafanya. Kaja mwanamke anadai matunzo. Mume kasimama anasema "kadhi mie nampa, kila siku nampa." Kadhi wengine hapo wanaandika: mdaiwa anasema anatoa matunzo. Nukta. Halafu nasaha ndefu ya subra. Yule mzee hasemi kitu, anachovya kalamu (bado alikuwa na ile ya wino), anamuuliza mume, mara ya mwisho ulimpa nini? "Mchele." Kiasi gani? "Pishi mbili." Siku gani? Hapo mume anaanza kutazama dari. Ulimpa mkononi au ulimpa mtoto apeleke? "Nlimpa mtoto." Mtoto yupi, jina lake? Na yote yanaingia kwenye karatasi, neno kwa neno, pishi mbili, mtoto fulani, siku ya gulio. Halafu anamgeukia mke, umesikia, kweli? Mke anasema ule mchele ulikuwa wa futari alotoa bibi yake mtoto. Limeandikwa na hilo. Sasa ikenda rufaa, alie juu anasoma anaona nani alisema nini, hata kama hajawaona nyuso zao. Ile nyengine yenye mstari mmoja, alie juu anasomaje? Anairudisha ianze upya na mwanamke anaanza tena kupanda gari za asubuhi na watoto mgongoni.

Kwa hiyo ukitaka kujua sifa ya kadhi au hakimu yeyote mie nakwambia tafuta hukumu yake. Hukumu ni ya wazi, aliekuwa na kesi anapewa nakala yake akiomba. Katafute jirani alohukumiwa na fulani, mwambie nisomee. Utazame kama kataja madai ya pande zote mbili ama upande mmoja tu. Utazame kama kaeleza kwa nini kamuamini huyu na kamuwacha yule, na kama kaweka kiasi cha pesa na siku ya kutoa, mana kuna hukumu zinasema "mume atoe matunzo ya kutosha", sasa ya kutosha ni ngapi? hiyo karani hawezi kuitekeleza, sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, hawezi, nobody. Na utazame tarehe. Kesi ilifunguliwa lini na hukumu imetoka lini. Hapo utamjua mtu kuliko cheti.

Sasa huyo ustadh wenu kwa kuwa hajawahi kukaa mahkamani hana hukumu, haya, lakini ana masuluhisho. Ustadh mwenye watu wengi hivyo lazima keshasuluhisha ndoa za watu mtaani. Ulizia wanawake, sio wanaume. Waulize, ulipokwenda kwake alikusikiliza mpaka ukamaliza, au alishakuwa na jawabu kabla hujakaa?

Mpemba_Houston:
Salaam kutoka Texas, mzaliwa wa Mkoani mie, huku mwaka wa ngapi sijui tena. Mada imenivuta kwa sababu huku kinyume chake, majaji wanagombea kama madiwani! Nlipopata uraia nikenda kupiga kura mara ya kwanza nkadhani nakwenda kuchagua rais tu basi, nkakuta karatasi haina mwisho, jaji wa mahkama nambari fulani, jaji wa mahkama nambari fulani, inashuka tu, na kila jina mbele yake chama. Texas majaji wanasimama kwa tiketi ya chama kabisa. Zamani kulikuwa na namna ya kubonyeza chama mara moja majina yote yanapita, wakaiondoa, uchaguzi wa 2020 ukawa wa kwanza bila hiyo, sasa lazima upitie mmoja mmoja na humjui hata mmoja.

Lakini kuna vitu vyao vizuri pia. Sifa zimeandikwa: jaji wa wilaya alitakiwa awe amefanya uwakili au ujaji miaka 4, wananchi wakapiga kura mwaka 2021 ikapandishwa mpaka 8, na kila baada ya miaka 4 anarudi kuomba kura. Na chama cha mawakili cha Houston kinawauliza mawakili wenyewe, wale wanaosimama mbele ya hao majaji kila siku, huyu mnamuonaje, halafu majibu yanatolewa hadharani kabla ya kura. Mie natumia hiyo. Sio msahafu, mawakili nao wana chuki zao, lakini ukiona jaji kapewa alama mbaya na wengi unajua kuna kitu.

Kichekesho ni kwamba yule wanaemwita jaji wa kaunti, mkubwa wa kaunti nzima, halazimiki kuwa mwanasheria hata kidogo, kazi yake zaidi ni utawala, ni jina tu limebaki. Kwa hiyo hata huku watu wanachanganyikiwa jaji nani na jaji gani.

mzee_wa_Darajani:
Nyinyi watoto mnaongea kama mahkama zilikuwa hivi hivi tangu zamani. Sie tumeziona Mahkama za Wananchi, zimeanza mwaka 1970, wanakaa watu watatu mbele yako hawajasoma sheria hata mmoja, na wakili haruhusiwi kuingia kukutetea, unajitetea mwenyewe na ulimi wako. Sifa yao ilikuwa moja tu na mnaijua, chama. Mpaka katikati ya miaka ya 80 ndo mambo yakarudi. Kwa hiyo huyu binti akiuliza kasoma wapi asichekwe, kuna wakati suala hilo lilikuwa huwezi kuliuliza.

Na mtu kuwa na mambo mengine katika maisha yake si aibu. Augustino Ramadhani, mtoto wa Kisima Majongoo hapa hapa mjini, alikuwa mwanajeshi akafika brigedia, alikuwa Jaji Mkuu wetu Zanzibar kuanzia 1980 mpaka 1989, akaja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania 2007, akaongoza Mahkama ya Afrika kule Arusha, na tena akawa padri wa Anglikana. Mchezaji wa basketi pia! Lakini ndani ya yote hayo sheria alikuwa kaisoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hukumu zake zipo mtu akitaka kuzisoma.

kijana_wa_Tibirinzi:
Mie naona huyu dada anamuogopa ustadh kwa sababu kesi yake haina miguu. Akhi angekuwa na haki asingeuliza kadhi nani. Haki haipotei

karani_mstaafu:
@kijana_wa_Tibirinzi haki inapotea kila siku mwanangu, mie nimezifunga kwa uzi nikaziweka kabatini.

BintiShumba:
Ahsanteni sana kwa kweli, sikutarajia mtajibu hivi. Karani mzee wangu shikamoo. Kuna mama hapa jirani alisuluhishwa na huyo huyo ustadh, nlimuuliza jana tukiwa tunachambua dagaa, akanambia "alinisikiliza, lakini aliniuliza mie peke yangu kwa nini nimekasirika, mume hakumuuliza kitu". Akacheka. Mie sikucheka.

Na wewe wa Tibirinzi, mie risiti za skuli ninazo, za dawa ninazo, na meseji za huyo bwana akisema "sina pesa subiri" ninazo zote kwenye simu, kwa hiyo kesi miguu inayo. Nnachouliza ni nani atakaezisoma.

Sasa nijibuni lile la mwisho. Akiteuliwa kweli, na yeye na mtalaka wangu ni baraza moja, naweza kusema simtaki?

wakili_wa_michenzani:
Huwezi kusema "simtaki" tu kama unachagua samaki, lakini unaweza kuomba ajitoe. Na namna ya kuomba ndo muhimu. Unaomba mapema, siku ya mwanzo jalada likiwa mbele yake, kabla ushahidi haujaanza, usingoje mpaka umeshindwa ndo ukakumbuka wanakunywa gahawa, hapo hakuna atakaekusikia. Unaeleza kitu kinachoonekana: wanakaa pamoja kila jioni, labda alikuwa shahidi wa ndoa au wa talaka, labda alishawasuluhisha nyinyi wawili huko nyuma. Hilo la mwisho ndo zito khasa, mana mtu alokwisha kutoa rai yake juu ya ndoa yenu mtaani hafai kukaa tena juu yake mahkamani. Kujuana peke yake Pemba nzima watu wanajuana, kisiwa hichi, akikataliwa kila kadhi anaemjua mdaiwa tutabaki bila kadhi. Na useme kwa adabu, makadhi wazuri wanajitoa wenyewe kabla hawajaombwa, nimewaona. Hakikisha ombi lako limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi pamoja na jibu lake, akikataa ukaja kukata rufaa unakuwa na pa kuanzia.

Chengine, kesi yako ishaanza kwa kadhi alopo sasa. Kama ushahidi umeshasikilizwa ulizia kama anaweza kuimaliza kabla hajaondoka. Kesi nyingi zinaharibika hapo kwenye kubadilisha mikono kuliko kwenye upendeleo wa mtu.

Mpemba_Houston:
Suala kwa wakili, na wanawake je? Huku mwaka 2018 kaunti yetu walishinda majaji wanawake weusi 17 kwa mkupuo, dunia nzima ilizungumza

wakili_wa_michenzani:
Majaji wanawake tunao, Jaji Mkusa Isaac Sepetu alikaa Mahkama Kuu yetu na watu wanamkumbuka kwa heshima, na mahakimu wanawake kibao. Kwenye kiti cha kadhi ni wanaume, na hilo fungulia uzi wake kaka, ukilianzisha hapa suala la dada litapotea.

mwanachuo_wa_Rahaleo:
Kwa hilo nakubali, msilianzishe. Na dada, hata mie nnaetetea maustadh nakwambia muombe ajitoe. Mwenyewe ndo atashukuru, atawatazamaje usoni wote wawili pale barazani?

BintiShumba:
Ushahidi wangu nimeshatoa, wa mwanamme ndo bado, kila siku anasema shahidi wake yuko Tanga. Ntakwenda kumuona karani wiki hii nimuulize tarehe. Na huo msaada wa sheria wa bure kwa Pemba uko wapi, mana wakili wa kulipa siwezi?

wakili_wa_michenzani:
Kituo cha Huduma za Sheria wana ofisi Chake Chake, pia uliza kwa sheha wako akuoneshe msaidizi wa sheria wa wilaya, wapo na wanajua kuandika maombi kama hilo la kujitoa. Nenda asubuhi siku ya kazi, chukua cheti cha ndoa na cha talaka, vyeti vya kuzaliwa watoto, hizo risiti, na zile meseji zipige chapa kabisa zikiwa na tarehe na nambari yake ya simu inaonekana. Simu inaweza kuanguka ndani ya kisima.

BintiShumba:
Meseji ntazipiga chapa kesho inshaallah, kuna kijana ana mashine pale stendi.